Mwambie Maji ni ya Moto

Mjumbe hauawi, wanasema. Ni kweli. Mjumbe hutumwa tu, mpaka ulimi uote sugu, na wanaomtuma hufa kwa uzee wakiwa salama. Mimi nilikuwa mjumbe kati ya mama mdogo na mume wake, watu walioishi nyumba moja na kulala chumba kimoja.

Mama mdogo alishona sare za shule. Baba mdogo alichonga funguo na kufufua kufuli. Chumba cha kazi kilikuwa kimoja: cherehani huku, meza ya tupa za kuchongea funguo kule, katikati pazia. Mimi nilikaa penye pazia, nikitia vifungo.

"Mwambie baba yako mdogo chai tayari."

"Mwambie mama yako mdogo nakuja."

Kila mmoja alikuwa amemsikia mwenzake, pazia si ukuta. Lakini nisiporudia, chai ilipoa. Chanzo cha ugomvi sikukijua. Nilipoletwa kwao nikiwa mtoto, vita vilikuwa vimeshakwisha, kimebaki kimya.

Na hao ndio walioendesha mafunzo ya ndoa kanisani. Kila Jumamosi walikaa viti viwili mbele ya ukumbi wa nyuma, wakafundisha kwamba wanandoa wasilale na hasira, kwamba upendo hauweki hesabu ya mabaya. Walifundisha vizuri, kila mmoja akiwatazama wanafunzi.

"Kwani hawa hawaangaliani?" alininong'oneza mchumba wangu, fundi umeme, tulipoanza masomo.

"Andika," nikamwambia.

Mchungaji alipenda kuwasifu: "Nyumba ile hujasikia sauti ikipanda!" Hapo hakusema uongo.

Mafunzo yalipokaribia kumalizika, mama mdogo aliniambia, pini mdomoni, kwamba nikishaolewa mdogo wangu wa mwisho atakuja kukaa nao. "Atanisaidia vifungo." Nikalitazama pazia. Mdogo wangu ni msemaji mzuri, na ana adabu. Angefaa sana.

Siku ya mwisho, kwa desturi ya kanisa letu, walimu huonyesha somo kwa vitendo: mume hupiga magoti akamwosha mkewe miguu, kama Bwana alivyowaosha wanafunzi wake. Baba mdogo akapiga magoti, taulo begani. Aliyetayarisha beseni alikuwa amemimina birika lote bila kuchanganya. Mama mdogo akachovya mguu, akauchomoa. Macho yake yakazunguka ukumbini mpaka yakanipata.

"Mwambie baba yako mdogo maji ni ya moto."

Watu wakacheka wakidhani ni utani. Baba mdogo hakucheka. Naye alinigeukia, kisigino cha mkewe kiganjani, akingoja nimletee maneno yaliyopita juu ya upara wake.

Nikasimama.

"Mwambie mwenyewe, mama mdogo. Huyo hapo, amekushika mguu."

Kicheko kikakatika. Mama mdogo akanitazama, akautazama upara. Midomo yake ikahangaika kama ufunguo kwenye kufuli yenye kutu.

"Maji ya moto," akasema.

"Sana?" baba mdogo akauliza.

"Yanaunguza."

Akainuka, akaenda mwenyewe kuchota ya baridi. Waliokaa mbele wanasema aliyajaribu maji kwa kiwiko kabla ya kuushika mguu tena. Mimi sikuona, mchumba wangu alikuwa akinivuta gauni nikae.

Baadaye tukaitwa ofisini kwa Mchungaji, sisi wanne. Kosa langu lilikuwa wazi: nimewaaibisha wazazi mbele ya darasa. Tangazo la ndoa yetu lilikuwa lisomwe kesho yake. Lisingesomwa mpaka niombe radhi.

"Omba tu, mpenzi," mchumba wangu akasema. "Ni neno moja. Litakupunguzia nini?"

Nilimpenda, na nilitaka lisomwe. Gauni langu la harusi lilikuwa limeshakatwa. Nikamuuliza mama mdogo, "Mdogo wangu bado anakuja?"

Alikuwa kiti cha pili kutoka kwangu. Magoti yetu yalikaribia kugusana. Akakunja kitambaa chake mara mbili, akamgeukia Mchungaji.

"Mchungaji, mwambie huyu mtoto aniombe radhi kwanza."

Mchungaji akageuza shingo kunielekea, akafungua kinywa anifikishie. Baba mdogo akainamisha kichwa. Nikaunyanyua mkono kabla neno halijatoka.

"Usijisumbue, Mchungaji, nimesikia," nikasema, nikamtazama mama mdogo usoni. "Mama mdogo, siombi radhi."