Oktava ya Juu

Jumanne, tarehe 9 Septemba. Manyunyu yalianza kabla ya alfajiri na hadi saa mbili yalikuwa hayajakatika. Hewa ilikuwa na ule unyevu unaovimbisha mbao na kuzivuruga piano sauti. Nilisali kabla ya kutoka, kama kawaida yangu, ila sala yenyewe haikuwa ya kawaida. Nilimwomba Mungu amfunge shemeji yangu mdomo.

Shemeji, kaka wa mke wangu, anauza vyombo vya muziki. Wiki iliyotangulia alimwambia mkuu wa shule ya muziki, shule ambayo piano zake kumi na moja nazihudumia mimi peke yangu, kwamba enzi ya kurekebisha sauti kwa sikio tupu imepita. Mkuu akanipigia simu: niende nichague kifaa kimoja cha kupimia sauti kati ya vitatu, la sivyo muhula ujao atatafuta fundi mwingine. Nichague! Kama mtoto anayetumwa akajikatie mwenyewe fimbo ya kuchapiwa.

Kazi hii niliianza nikiwa na miaka arobaini na mmoja. Kabla ya hapo nilikuwa seremala. Miaka minne nilienda darasa la jioni na vumbi la mbao bado liko kichwani, nikajifunza kusikiliza nyuzi mbili zinazogombana. Zikipishana kidogo, sauti hutikisika, wa-wa-wa, na fundi huyahesabu mapigo hayo. Wenzangu walihesabu kwa saa ya mkononi. Mimi nilihesabu kwa sala ya kimoyomoyo, kwa mwendo uleule kila siku, mpaka nikajua ni mapigo mangapi yanakaa katika pumzi moja. Sasa mtu anayeuza magita na maikrofoni ndiye wa kunifundisha kusikia?

Ukumbini nilimkuta mkuu, mwalimu wa piano ambaye sote tunamwita Mama Pedali kwa sababu mguu wake haubanduki kwenye kikanyagio cha chini, na shemeji mwenyewe. Vifaa vyake alikuwa amevipanga juu ya piano kubwa.

"Karibu shemeji! Mbona umenuna hivyo, umemeza pini?"

"Nimekumeza wewe, na hushuki. Toa vitu vyako hapo juu, hii siyo meza ya sokoni."

Mama Pedali alicheka. Mkuu hakucheka.

Kifaa cha kwanza kilikuwa na mshale. Nikapiga uzi wa katikati, mshale ukacheza huku na huku kama mlevi.

"Ni feni hiyo," shemeji akasema. "Ikizimwa kinatulia."

"Na wanafunzi nao niwazime?"

Cha pili kilikuwa programu ya simu. Nikakipeleka kwenye piano ndogo iliyo pembeni, yenye nyuzi fupi nene. Nilipopiga uzi wa chini kabisa, kikashika mwangwi wake badala ya uzi wenyewe, kikaniambia nikaze. Nikaze tena! Nikamshika shemeji mkono, nikamsogeza mbele ya piano.

"Simama hapa. Nikikitii kifaa chako, huu uzi utakatika, na wa kwanza kuupokea uwe uso wako."

"Basi, basi, yaishe," akasema, akarudi nyuma.

Cha tatu kilinikera zaidi, kwa sababu kilikuwa kizuri. Kabla ya kusema lolote kiliomba kusikia nyuzi sita za piano yenyewe, ndipo kikatoa hesabu yake. Nilikipeleka kwenye piano kubwa, niliyoirekebisha Alhamisi, nikapita nacho katikati, kibao baada ya kibao. Tulikubaliana kila mahali. Nilitamani kikosee hata mara moja.

Tulipofika oktava ya juu kabisa, vile vibao vya mwisho mkono wa kulia, kikasema nyuzi zote zimekazwa kupita kiasi. Zote.

"Kinaongopa," nikasema.

Mkuu akainama kutazama viatu vyake.

"Nimesema kinaongopa. Mama Pedali, cheza hapo juu pamoja na za chini yake."

Alinitazama, kisha akamtazama mkuu. Akacheza. Mimi nilisikia sauti mbili safi, zilizolingana. Lakini nyuso tatu zilijikunja kwa pamoja, kama watu walioumwa jino lilelile. Shemeji, ambaye hajui hata kuimba, alifumba macho.

Damu ilinipanda kichwani.

"Tangu lini?"

"Tangu Juni, kaka," Mama Pedali akasema taratibu. "Mimi nimekuwa nikichagua nyimbo zisizofika huko."

"Miezi mitatu! Unanisalimia kila wiki, unaniuliza hali ya watoto, na hili hulisemi? Na wewe, mkuu?"

"Tulikuwa tunakuheshimu, mzee."

"Heshima gani ya kumwacha mtu apite mbele za watu na suruali imechanika nyuma?" Nikamgeukia shemeji. "Na dada yako ndiye aliyekutuma?"

"Dada hajasema lolote la piano. Alisema birika likipiga filimbi, wewe umekaa tu pembeni yake unasoma. Alikuwa analia, shemeji."

Nilikaa kwenye kiti cha piano. Ningependa kuandika kwamba hasira iliniisha, lakini ilibadilisha tu mtu wa kumwangukia. Mimi nilijua. Mwaka mzima zile nyuzi za juu nilizisikia zimefifia, zimelegea, nikawa nazikaza. Nikasema nyundo zinazozipiga zimechakaa. Nikazibadilisha nyundo zote za juu, mara mbili, nyundo zisizo na kosa lolote, kuliko kwenda kupimwa masikio. Hapo, mbele yao, nilimwambia Mungu kimoyomoyo maneno ambayo sijawahi kumwambia: umenipa ufundi huu nimeshazeeka, sasa unaanza kuninyang'anya, mbona hukuniacha na randa yangu? Na sikuomba msamaha.

Nilichukua kile kifaa cha tatu, nikakiweka mbele yangu, nikaanza kulegeza oktava ya juu, uzi mmoja mmoja. Nilisikia mgongano wa mbao na kitambaa cha nyundo, kisha sauti nyembamba ambayo sikuweza kuihukumu. Kifaa kiliposema imetosha, niliacha. Nilikuwa kama mtu anayelishwa kwa kijiko. Nilipomaliza, Mama Pedali alicheza tena, na safari hii nyuso zao zilitulia.

Mkuu alivuta pumzi.

"Basi, mzee, kimepatikana. Wewe endelea na kazi. Na haya mengine yabaki humuhumu ndani, hakuna haja ya watu kujua."

Alisema kwa wema. Wema huo ndio ulionichoma kuliko yote, kwa sababu nilitaka sana kuukubali. Nina wateja wengine ishirini. Kanisani kwetu kuna piano ninayoirekebisha mimi, na kwaya inaimba nayo kila Jumapili, na hakuna aliyeniambia kitu. Nao wananiheshimu?

"Hapana," nikasema, na sauti yangu ilijaza ukumbi. "Mmenificha mimi, nami nimewaficha ninyi, sasa imetosha. Simameni."

"Tusimame?" shemeji akauliza.

"Simama, bwana! Nataka mashahidi, sitaki watazamaji."

Wakasimama wote watatu. Mkuu alifunga hadi kifungo cha koti.

"Mbele yenu, na mbele za Mungu ambaye leo nimemkasirikia, naahidi hivi. Katikati ya piano nitafuata sikio langu, na kifaa kikinibishia kitanyamaza. Oktava ya juu nitafuata kifaa, na sitaondoka mpaka mwenye masikio mazima aisikilize. Na kila mteja, kuanzia wa leo mchana, nitamwambia kabla sijafungua kifuniko: huko juu mimi sisikii."