Saini ya Shemeji

Barua tatu zilifika mezani kwa Mama Kanuni saa nne kasoro asubuhi. Zote zilichapwa kwa mashine moja, na hata koma iliyokosewa ilikuwa palepale katika kila barua. Wabunge watatu walisema hawakuwahi kutia saini hoja ya kumwondoa Rais madarakani. Saini zao, walidai, zilighushiwa.

Alisoma ya kwanza akaguna. Akasoma ya pili. Ya tatu ilitoka kwa shemeji yake, mume wa mdogo wake wa tumbo moja, na hapo hasira zikampanda mpaka masikio yakawaka moto.

Jina la Mama Kanuni alipewa na wabunge wenyewe. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa karani wa meza ya hoja, na hakuna mheshimiwa aliyewahi kumpitishia karatasi kombokombo. Waziri mmoja alisahau kuweka tarehe, akarudishwa kama mwanafunzi aliyekuja bila daftari. "Huyu mama," walitaniana kantini, "siku akifa atamwuliza malaika: kwa kifungu gani?"

Utaratibu wa kumwondoa Rais aliujua kama njia ya kwenda kwake. Bunge lilikuwa na wabunge mia mbili na kumi. Ili hoja ipokewe, theluthi moja yao, yaani sabini, walipaswa kufika mbele ya karani na vitambulisho vyao, watie saini mara mbili: kwenye hoja na kwenye daftari. Ikishapokewa, inajadiliwa, kisha kila mbunge anaitwa na kusema kura yake kwa sauti. Theluthi mbili wakisema ndiyo, Rais anafungasha virago. Saini zilikuwa sabini na mbili. Toa tatu, zinabaki sitini na tisa. Aliyepiga hesabu hiyo hakuwa mjinga.

Na kosa la Rais halikuwa dogo. Wahandisi walikuwa wamemwandikia kwamba ukuta wa bwawa kubwa una ufa. Yeye akalieleza Bunge, kwa maandishi, kwamba hajapata kuona taarifa kama hiyo. Ukuta ulipoachia, maji yaliporomoka bondeni yakaondoka na watu arobaini na mmoja. Bonde hilo ndilo jimbo la shemeji. Alizika watu wiki nzima, matope hadi magotini, na Mama Kanuni alisimama kando yake makaburini.

Ndiyo maana siku aliyokuja kutia saini, kalamu aliibonyeza hadi karatasi ikatoboka. Kisha kwenye daftari, pembeni ya saini, akaandika: *Kwa ajili ya wale arobaini na mmoja.*

"Shemeji, hairuhusiwi kuongeza maneno," Mama Kanuni alimwambia.

"Basi nishtaki," alijibu, macho mekundu.

Mwanamume yuleyule! Mama Kanuni akanyakua simu. Ilipokelewa mara ya nne.

"Shemeji, hii barua ni yako?"

"Shemeji yangu, mambo haya yametuzidi kimo mimi na wewe. Nimeitwa huko juu. Nimeahidiwa wizara. Hebu fikiria nitakavyowafaa watu wangu nikiwa waziri."

"Wizara gani?"

"Ya Maji."

"Maji?" Mama Kanuni akapaza sauti. "Maji yapi, shemeji? Yaleyale?"

"Usinifanyie hivyo."

"Na mimi umenifanyia nini? Daftari liko chini ya ufunguo wangu peke yangu. Ukisema imeghushiwa, unasema mimi ndiye mwizi."

"Wewe sema tu huna uhakika. Watu walikuwa wengi siku ile. Hutakuwa umeongopa. Utakuwa umesahau."

Mama Kanuni akamkatia simu bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu.

Kabla ya adhuhuri Katibu wa Bunge, mkuu wake wa kazi, alimwita na kufunga mlango. Kamati ya Kanuni ingekaa kesho yake kuzichunguza saini hizo, na Mama Kanuni ndiye shahidi. "Mama, umebakiza miaka mitatu ustaafu," alisema huku akipanga kalamu ambazo tayari zilikuwa zimepangika. "Kusahau si kosa la jinai."

"Bosi, niliajiriwa kukumbuka."

"Ukuta wenyewe umeshaanguka. Utausimamisha wewe?"

Mama Kanuni akainuka akatoka. Angebaki, angetukana.

Jioni mdogo wake alimpigia akilia. "Dada, ukisimama pale kesho unamvua nguo mume wangu mbele ya nchi nzima. Wanangu watakwenda shule na uso gani?"

"Mdogo wangu, aliyejivua ni yeye."

"Siku zote unapenda karatasi zako kuliko watu!"

Maneno hayo yalimchoma kuliko barua zote tatu, maana yalitoka kwa mtoto aliyembeba mgongoni. Akaaga taratibu, akaweka simu.

Kesho yake chumba cha kamati kilijaa pomoni. Shemeji alikaa safu ya mbele na suti mpya, hamtazami. Mwenyekiti, mwanasheria mzee mwenye sauti ya kukwaruza, alifungua daftari.

"Mheshimiwa, saini hii ni yako?"

"Si yangu."

"Na maneno haya ya pembeni?"

"Aliyeghushi saini ndiye aliyeyaandika."

Mwenyekiti akamgeukia karani. "Mama, una uhakika gani?"

Mama Kanuni alisimama. Alikuwa amepanga kusema taratibu, kifungu kwa kifungu. Lakini alipomwona shemeji anaangalia saa, mipango yote ikayeyuka.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, mwenye kughushi hujificha. Haandiki sentensi nzima kuwalilia wafu! Nilimkataza asiandike, akaniambia nimshtaki. Haya, leo namshtaki. Wote watatu walikuja kwa miguu yao, na vitambulisho vyao, na saa walizofika nimeziandika. Kama mimi nimeghushi, nifungwe leo hii. Kama sikughushi, basi hawa wanawazika watu wale mara ya pili, na safari hii bila hata sanda."

Ukumbi ulilipuka. Mwenyekiti aligonga meza hadi bilauri ikaanguka. Kamati ilipiga kura: watano dhidi ya wanne. Saini zote zinasimama. Hoja imepokewa.

Siku tatu baadaye Bunge lilipiga kura, na kazi ya kuita majina ilikuwa ya Mama Kanuni. Aliita mmoja mmoja, sauti kavu kama ya mwalimu wa zamu. Ndiyo. Hapana. Ndiyo. Alipofika jina la shemeji, alilitamka polepole, silabi kwa silabi, akanyanyua macho.

Shemeji alisimama. Akayakwepa macho ya Mama Kanuni. Nyuma yake mtu akakohoa.

"Hapana," akasema.

Waliosema ndiyo walikuwa mia na thelathini na watatu. Walihitajika mia na arobaini. Rais akabaki. Upande mmoja wa ukumbi waliimba na kupiga meza, na Mama Kanuni akakaa katikati ya kelele hizo akiandika tarakimu, meno ameyakaza hadi taya likamuuma siku mbili.

Wiki iliyofuata alihamishiwa dirisha la nyaraka, ghorofa ya chini, ambako raia huja kuomba nakala. Huko juu shemeji aliapishwa kuwa waziri. Picha yake ikatundikwa ukumbini, anatabasamu. Kila Mama Kanuni alipopita alikuwa akisonya, na askari wa mlangoni akajifanya hasikii.

Siku moja, karibu na saa sita, aliyefika dirishani alikuwa mdogo wake. Alipanga foleni kama watu wengine, uso umepwaya, mtandio umefungwa ovyo. Hawakuwa wamezungumza tangu ile simu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umefuata nini huku?"

"Nataka orodha ya kura za ile siku. Majina yote, na kila mtu alivyosema. Wananiambia ni haki ya kila raia."

"Ni haki yako. Ya nini?"

Mdogo wake alishika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili. "Jana tulikwenda bondeni na msafara. Kule habari hazifiki tangu maji yaangushe nguzo za umeme. Amewaambia watu kwamba alisema ndiyo, kwamba hoja iliangushwa na wengine. Wamama waliofiwa wakampigia makofi, dada. Wakanikumbatia na mimi. Mmoja amezika wanawe watatu, akanishukuru." Sauti ikamkatika, na iliporudi haikuwa ya kilio. "Ananifanya nipokee shukrani za uongo! Kesho narudi kule, na nitawasomea mwenyewe."

"Atakufukuza."

"Nyumba ni ya baba yetu. Atatoka yeye."

Mama Kanuni alitoa nakala, kurasa saba. Akapiga mhuri kila ukurasa, kwa kishindo, hadi watu wa foleni wakageuka kutazama. Mdogo wake alizikunja, akazitia kwenye mkoba, akatoka akitembea haraka.