Kichwa cha Chewa

Bwana Metua hakuwa na kemikali za kupimia sumu, hakuwa na umeme wa kutegemewa, hakuwa na jokofu la kugandishia, wala mtu wizarani wa kumjibu barua. Alichokuwa nacho ni kibao cha shaba mlangoni kilichosema kwamba hii ni Maabara ya Sumu za Samaki wa Miamba. Kibao kiling'arishwa kila Ijumaa. Kwa hiyo kisiwa kizima kiliamini kwamba maabara inafanya kazi.

Vipande vya samaki alivituma ng'ambo kwa ndege. Majibu yalirudi wakati samaki ameshaliwa na mlaji ameshapona, au ameshazoea.

Siku ya harusi ya binti yake Tepaeru, baba wa bwana harusi, shemasi Rongo, alileta chewa mnene kama mto wa kulalia.

"Huyu umemtoa wapi, mkwe?" Metua aliuliza.

"Baharini. Kwani nyie wa maabara mnawatoa wapi?"

"Upande wa lile bango langu la kukataza kuvua?"

"Bango zuri sana lile, tunafungia mitumbwi. Acha wasiwasi, paka ameshampima. Kala mkia tangu jana, na yule pale kalala kama waziri."

Wageni wakacheka. Paka alikuwa mzima kweli, na majibu yake hayakuhitaji ndege. Lakini Metua alijua kwamba sumu ile haifi kwa moto, na kwamba hujaa zaidi kichwani na kwenye ini. Alijua pia kwamba kichwa cha samaki wa harusi ni cha baba wa bibi harusi. Kukikataa ni kumwambia shemasi, mbele ya waumini wake, kwamba amekuja kuua watu. Harusi zimevunjika kwa madogo kuliko hayo.

"Mbona hukigusi?" mke wa shemasi aliuliza. "Au tungoje barua kutoka ng'ambo?"

Tepaeru alikuwa akiitazama sahani ya baba yake, mkono umeng'ang'ania kitambaa cha meza. Metua akavuta kichwa, akala shavu moja, akalisifu.

"Mkwe, chewa huyu kanivuruga akili," akasema. "Mwili wote pia naomba niende nao nyumbani."

Shemasi akamsogezea sinia lote. Kisha shangazi mmoja akanong'ona, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Msomi gani huyu, hana hata haya."

Wageni wakala kuku na viazi vikuu, wakamteta hadi jioni.

Alipoamka kesho yake, midomo ilimchonyota na maji ya baridi yalimuunguza kama chai. Shemasi alikuja hospitali kumwombea.

"Ndiyo ubaya wa ulafi, mkwe," alisema kwa upole. "Paka hana hata kikohozi."

"Amina," Metua alijibu. Ndoa ilikuwa imefungwa, na hakuna mwingine aliyelazwa.

Akaomba karatasi, akaiandikia wizara: "Chewa amepatikana na sumu. Kifaa kilichotumika: mkuu wa maabara. Kifaa kinatetemeka, na hatuna cha akiba. Naomba kemikali kabla binti yangu wa pili hajachumbiwa."

Akalamba gundi ya bahasha. Ulimi ukawaka kama amelamba jiko. Akaibana kwa kiganja, akampa muuguzi aiwahishe kwenye ndege.