Mstari wa Sitini na Moja

Shirleen aliapa kwamba Phares atanyolewa bila maji, na wembe atautia makali yeye mwenyewe.

Phares alikuwa mkubwa wake kwenye kampuni inayotengeneza programu ya kuwatumia wagonjwa ujumbe wa siku ya kliniki. Kila toleo jipya lilipotoka, Shirleen ndiye aliyeandika orodha ya mabadiliko ili zahanati zisome. Neno la mwisho lilikuwa la Phares, na kazi ya Phares ilikuwa kufukia. Habari njema juu, habari mbaya chini kabisa, kwenye "Maboresho madogo", mahali ambapo hata msomaji mwenye bidii husinzia kabla hajafika.

Mwezi Machi programu ilianza kufuta namba yoyote ya simu iliyoandikishwa na wagonjwa wawili. Aliyebuni jambo hilo hajawahi kuishi mtaa wa Kware, ambako simu moja hutumikia nusu ya ghorofa. Mwongeli, mamake Shirleen, alikuwa akipata ujumbe wa kliniki ya presha kupitia simu ya jirani yake Winny. Ujumbe ukakatika, dawa zikaisha. Mwezi Juni mama akaanguka kwenye ngazi; mdomo ukapinda, na mkono wa kulia haujashika hata kijiko tangu siku hiyo.

Zahanati zilipolalamika, Phares alisimama mbele ya mkurugenzi wa kampuni, Mirriam, akasema bila haya, "Iliandikwa, madam. Kama watu hawakuiona, muulize mwandishi." Na kweli iliandikwa, mstari wa sitini na moja. Shirleen akapewa wiki mbili apange upya orodha zote za miaka mitatu, watu waweze kupata wanachotafuta, kisha aje ajieleze kwa nini asifutwe kazi.

Alizipanga. Chuki ikishatulia hufanya kazi safi sana, nawaambia. Aliweka kisanduku cha kutafutia. Chini ya kila badiliko akaandika linamgusa nani, afanye nini, lilitoka lini, nani aliliandika, na nani alilirekebisha kabla halijatoka. Rasimu za kwanza nazo akazitia humo humo. Kisha akampa Kezia, nesi wa zahanati ya Mukuru kwa Njenga, ajaribu.

"Wee! Chai haijapoa na nishapata," Kezia akasema. "Hii mlikuwa mmeificha wapi siku zote?"

Ijumaa ilipofika, Mirriam alichapa maneno mawili tu: simu moja. Ukurasa ukafunguka. Juu palikuwa na rasimu ya Shirleen yenye onyo la herufi nzito: wagonjwa wanaotumia simu moja hawatapata ujumbe, wajulisheni mapema. Chini yake palikuwa na agizo la Phares: "Peleka chini. Usiwatishe wateja."

"Phares, hii ni nini?" Mirriam akauliza.

Phares akaanza tena, "Iliandikwa, madam," lakini Mirriam akamfuta kazi palepale. Kabla ya saa sita alikuwa mlangoni na vitu vyake kwenye katoni.

"Umenimaliza, Shirleen. Umefurahi?"

"Sana," akajibu, wala hakudanganya. Ilikuwa tamu, akatamani Phares aulize tena.

Ngazi za Kware alizipanda mbili mbili. Akamwekea mama kompyuta mapajani. "Soma, mama. Huyu ndiye aliyekuangusha, na leo ameenda."

Mwongeli alipitisha kidole cha mkono wa kushoto kwenye skrini, polepole. Hakuhitaji kuelekezwa, maana kila kitu kilikuwa wazi.

"Hili onyo aliandika nani?"

"Ni mimi. Si unaona nilijaribu?"

"Mwezi wa tatu?"

"Eeh, tarehe nne."

Mama akasoma tena. "Na namba ya Winny, pale kliniki, si ni wewe ulinipeleka ukaiandikisha?"

Shirleen akaitikia kwa kichwa. Furaha yote ilikuwa imeanza kumtoka.

"Sasa, mwanangu," Mwongeli akasema, na ule mdomo uliopinda ukamchelewesha, "toka mwezi wa tatu hadi wa sita ulikuja hapa kila Jumapili, tukala pamoja. Mbona mimi hukuniambia?"