Pacha Waliofaulu

Usaha ulikuwa umeanza tena. Mama Pacha aliuona alipoinama kufuta maji ya mvua yaliyoingia darasani: mstari wa manjano kutoka sikio la kushoto la binti yake mpaka kwenye kola. Aliufuta kwa pindo la nguo yake. Mtoto akamtazama mdomo, kama kawaida yake, kuona kama kuna neno ameambiwa.

Watoto wa chekechea walibanana sakafuni juu ya magunia, na mbele yao mwalimu mmoja tu. Binti zake wawili, pacha, walifanana hivi kwamba hata yeye mama yao aliwatofautisha kwa sweta. Mwenye sweta jekundu, domo kaya asiyechoka, walimwita Kasuku. Mwenye la kijani walimwita Kimya, na shuleni walidhani ni mzito wa kuelewa. Mama yake alijua ni masikio. Aliwahi kuangusha sufuria nyuma yake na mtoto hakugeuka.

Mwaka ule maafisa wa wilaya walikuwa wanapita chekechea zote za serikali kupima watoto, mmoja mmoja. Watakaofeli wangeonwa na daktari wa macho na masikio, bure. Mama Pacha, mfagiaji wa shule ile, aliisubiri siku hiyo kama mgonjwa anavyosubiri kukuche. Ila lilikuwapo na la pili: chekechea itakayoshika mkia ingefungwa, na watoto wake wapelekwe shule ya ng'ambo ya mto.

Jioni ya kuamkia mtihani, mwalimu mkuu alimwita ofisini akamwonyesha kiti. Hakuwa amewahi kumwonyesha kiti.

"Mama Pacha, wanao wanafanana mpaka nachanganyikiwa."

"Ndiyo, mwalimu."

"Kesho Kasuku aingie mara mbili. Akitoka tu, mbadilishe sweta."

Alidhani ni utani, akacheka kidogo. Mwenzake hakucheka.

"Lakini mwalimu, Kimya akipita si daktari hatamwona?"

"Daktari niachie mimi, nitaongea naye mwenyewe. Nimewahi kukuangusha? Shule zinapishana kwa mtoto mmojammoja, mama; huyu akifeli tunashika mkia. Pakifungwa hapa, vitoto hivi vitavuka ule mto kila siku. Na wewe kibarua chako kitaota nyasi." Alijifuta uso. "Sikulazimishi. Nakuomba."

Aliomba kweli, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomshinda Mama Pacha. Angekuwa mbaya angemkatalia.

Kulipokucha, Kasuku alipotoka mara ya kwanza alimvika sweta la kijani, kisha akajifungia stoo na Kimya, kati ya mafagio na madawati mabovu, kiganja chake juu ya mdomo wa mtoto ambaye wala hakuwa na la kusema. Nyuma ya ukuta wa mbao wa darasa alimsikia Kasuku akiingia kwa mara ya pili, ndani ya sweta la kijani.

"Nionyeshe ng'ombe," afisa alisema. "Haya, rudia: mvua. Rudia: mlango."

Kasuku alijibu yote, tena kwa madaha. Mama Pacha alimchukia mwanawe, halafu akajichukia mwenyewe.

Shule ikashika nafasi ya kwanza. Mwalimu mkuu alipandishwa cheo, akahamia makao makuu ya wilaya kabla hajaongea na daktari yeyote.

Siku ya zawadi afisa yuleyule alikuja na kikombe. Daktari alishuka kwenye gari hilohilo, akaweka meza barazani kwa ajili ya watoto waliofeli wa shule za jirani. Mama Pacha akamshika Kimya mkono, akapanga foleni pamoja nao.

Daktari alimwinamisha mtoto kichwa. "Sikio hili linaoza, mama. Mbona mmechelewa hivi?"

"Huyo ni wa hapahapa," afisa alisema, akisogea. "Nilimpima mwenyewe, alirudia kila neno. Asiyesikia angerudia?"

"Hakuwa yeye," Mama Pacha alisema. "Alikuwa pacha wake."

Afisa alitazama kikombe, kisha wazazi waliojaa uwanjani. Akashusha sauti.

"Kwa hiyo shule imedanganya. Sawa. Matokeo yanafutwa, chekechea inafungwa leoleo. Geuka uwaambie wenzako, wasikie kwako."

Aligeuka. Wazazi walikuwa wamevaa nguo zao nzuri. Mwalimu wa chekechea alimtikisia kichwa polepole, akimsihi.

"Nimechanganya, mzee," Mama Pacha alisema.

"Hakuna neno," afisa alisema. "Ndiyo taabu ya pacha."

Daktari alimwachia Kimya kichwa, akaita mtoto anayefuata.

Afisa aliwasimamisha pacha mbele ya watu, akawasifu kuwa mfano kwa wilaya nzima. Uwanja ukalipuka makofi. Kimya alikuwa anachezea kifungo cha sweta, hakuona. Kasuku alipomgusa kwa kiwiko, aliinua kichwa, akaiona mikono ya mwisho ikishuka, akatabasamu, akaanza kupiga yake. Afisa alikuwa ameshaanza hotuba. Alinyamaza, akangoja. Mtoto aliendelea kupiga makofi peke yake, kwa nguvu zake zote, na katika uwanja mzima hakuna aliyethubutu kumwambia aache.