Nyota Moja kwa Mama Esther

Kila alfajiri, kabla jogoo wa pili hajawika, nasikia kijiti cha chuma cha Judith kikigonga kikaango cha vitumbua. Ti, ti, kisha kimya kidogo, kisha ti. Nyumba zetu hapa Kihonda zimeshikana ukuta, na kwa miaka kumi na miwili mlio huo ndio saa yangu. Jumanne ile niliusikia mara moja tu. Halafu ikaja harufu ya kuungua.

Nikajitanda kanga nikazunguka uani kwake. Judith alikuwa ameketi kwenye kigoda, simu mapajani, mwanga wa kioo umempiga usoni, na vitumbua vinageuka mkaa mbele yake. Nikaepua kikaango. Hakuniangalia.

"Bibi," akasema, "kuna mtu wa Kanada ameandika kwamba mimi nifungwe."

Mambo haya yalianza mwaka jana. Watu wa filamu walitoka Dar wakapanda Kinole, huko milimani kwetu, kupiga tamthilia ya vipindi sita. Si ya kuonyeshwa kwenye runinga ya kawaida, ni ya zile huduma za kulipia kwa mwezi, ambazo mtu anaangalia akiwa amelala. Judith alikuwa kwa shangazi yake kule, akawa anawauzia vitumbua. Siku ya kupiga msiba, dada mmoja wa mjini alipewa kuwa mtani wa marehemu, yule wa kabila la utani anayeruhusiwa kufanya mzaha hata msibani, na kila kabla ya kutania alikuwa anaangalia huku na huku kama anayeomba radhi. Judith akacheka mpaka mkubwa wao akamwita kumuuliza anachekea nini. Akamjibu kwamba mtani anayeomba ruhusa ni mgeni tu aliyepotea njia. Wakamvua yule dada koti la marehemu, wakamvalisha Judith.

Na aliliweza. Katika kipindi cha tatu anatokea amevaa koti la marehemu, kashika fimbo yake, anakohoa kama yeye, anadai pombe kama yeye. Jeneza linapotaka kutoka anajilaza mlangoni, anasema, "Mvivu huyu hata kufa kafia kitandani. Hatoki mpaka alipwe aliyemvumilia." Mjane anacheka katikati ya kilio. Mimi nimezika mume na watoto wawili, na najua kicheko kile. Bila watani wangu nisingekula chochote siku zile.

Sasa, chini ya tamthilia kuna mahali pa watazamaji kutoa maoni na nyota, moja mpaka tano. Mjukuu wangu Rahel, ninayeishi naye, alinisomea maoni yale siku nzima, akitumia bando lake bila kunung'unika. Sikujua kwamba duniani kuna watu wengi hivi wasio na uwanja wa kufagia.

Mmoja aliandika kwamba milima ile ni ya kompyuta, mtu hawezi kuona kijani cha namna ile popote. Nikainua macho dirishani. Milima ilikuwepo, imejifunika wingu lake, haijui kwamba imekanushwa. Mwingine alilalamika kwamba waombolezaji wanaongea haraka mno, kisha mwenyewe akaeleza kwamba huwa anaikimbiza picha mara mbili kwa sababu hana muda. Mwingine aliacha dakika ya nne kwa sababu hakuna aliyepigwa risasi. Kijana wa Tabata alitoa nyota tano, akasema binamu yake ndiye aliyeshika nyaya. Kuna mwalimu wa filamu, ndivyo alivyojiita, aliyeandika ukurasa mzima kuhusu maana ya koti, na mwisho akasema kipindi chenyewe atakitazama akipata nafasi.

Lakini wengi walikuwa wanamsema Judith. Mtu fulani alikuwa amekata sekunde arobaini tu, pale anapojilaza mlangoni, akazitupa mitandaoni na maneno mekundu: TAZAMA UNYAMA HUU MSIBANI. Basi wakamwita mchawi. Wakasema hana utu. Wengine walikuwa Watanzania wenzetu, hilo ndilo lililoniuma, watu ambao bibi zao wangewachapa.

Juu yake lilikuwepo neno moja zuri tu, la mtu asiye na picha, halina hata mtu aliyeligusa: "Yule mama anayekunja koti mwishoni ni nani? Nimemkumbuka mama." Nikamwambia Rahel alisome mara mbili.

Yote hayo Judith angeyavumilia. Kilichounguza vitumbua kilikuwa kingine. Binti yake Esther ameposwa na Abel, kijana mtulivu wa Mazimbu. Barua ya posa ilishapokelewa, na Jumapili ya wiki hiyo ndiyo ilikuwa siku ya wakubwa kukaa kuzungumzia mahari. Jumatatu jioni mshenga alikuja uso umemshuka, akasema Mzee Thobias, baba yake Abel, ameona tusimame kwanza. Shangazi za Abel waliipata ile video kwenye kundi lao la simu, wakaandika kwamba mwanamke anayemchezea maiti wa watu atawachezea na wao. Mshenga aliongeza, kwa sauti ndogo, kwamba mzee ametoa nyota moja.

Hakujua kuitoa, jamani. Alimwita Abel, akamwamuru aibonyeze. Kijana yule akaweka nyota moja juu ya mama wa mchumba wake kwa kidole chake mwenyewe, halafu akampigia Esther kumwambia, akilia. Nilimpenda zaidi kwa kusema kweli, ingawa ningependa kidole kile kingekuwa kizito kidogo.

"Usiende kuniombea, bibi," Judith aliniambia asubuhi ile. "Watasema mchawi ametuma mchawi."

Nikamwambia siendi kuomba. Alinifungia vitumbua viwili visivyoungua, vya mafuta kidogo kama ninavyopenda. Katika huzuni ile yote alikumbuka mafuta.

Alhamisi Rahel alinisindikiza Mazimbu. Mzee Thobias ni mstaafu wa kiwandani, ana nyumba safi, kuku wanaotii, na runinga inayokaribia ukubwa wa mlango. Aliniamkia shikamoo kwa heshima zote, na alipoona jua linanipiga machoni alikigeuza kiti changu mwenyewe. Mtu anaweza kukosea jambo kubwa na bado akawa na mkono mwema, na mimi huanza kuhesabu na mkono.

Mkewe alileta chai. Abel alikaa pembeni anaangalia vidole vyake. Kabla sijanywa mara ya pili, mzee akasema kama nimekuja kwa ajili ya mama yule, ile picha ameshaiona.

"Umeona kiasi gani, baba?"

"Dakika moja. Inatosha. Anayeonja mchuzi hamalizi sufuria."

"Kweli," nikasema. "Ila hukoroga kwanza."

Akakohoa. Akanieleza kwamba si yeye peke yake, watu mia tisa na zaidi wameandika, wengine wapo Ulaya. Alilisema neno Ulaya taratibu, kama anayeweka sahani ya kioo mezani. Nikamuuliza kama hao wa Ulaya wameshawahi kuzika mtu hapa Morogoro. Akasema huo si mjadala, siku hizi kila kitu kina maoni yake, na maoni ya wengi huheshimiwa. Nikafikiri, mtu huyu kakaa nasi miaka arobaini, na jambo alilolishuhudia kwa macho haliamini tena mpaka lithibitishwe na mtu wa Kanada.

Nikamuuliza kwao ni wapi.

"Urambo. Mimi Mnyamwezi kamili."

Ndipo nikaweka kikombe chini. Nilikuwa nimesikia ni mtu wa bara, lakini nilitaka aseme mwenyewe.

Kofia yake ya pama ilikuwa inaning'inia msumarini, na fimbo yake iliegemea ukuta. Nikainuka, magoti yakalia kama kawaida yao. Nikavaa kofia. Nikachukua fimbo. Nikatembea mbele ya runinga ile kubwa, tumbo mbele, nikakohoa kikohozi chake kile cha kujiandaa kusema.

"Mimi Thobias," nikasema. "Mimi mtazamaji. Nimeonja mchuzi kwa kuchungulia dirisha la jikoni, na nyota nimetoa kwa kidole cha mwanangu. Babu zangu walibeba pembe na mizigo ya watu kutoka Tabora mpaka pwani. Mimi nilibeba akili tu, nayo ikanielemea, nikaitua Kilosa."

Rahel alijifunika uso kwa kanga yangu. Abel aliacha kuangalia vidole. Mimi nikabaki nimesimama na kofia iliyonifunika masikio, nikifikiri labda nimeimaliza posa ya watu kwa mdomo wangu.

Mzee Thobias alinikazia macho. Shavu lake moja likaanza kucheza.

"Wewe bibi," akasema, "ni Mluguru?"

"Wa Kinole."

"Nilijua. Mtu anayetembea sakafuni kama yupo mteremkoni. Ninyi mmelima milimani mpaka mguu mmoja ukawa mfupi, halafu mnakuja kwa watu wenye miguu sawa kuvaa kofia zao."

Mkewe aliangua kicheko mpaka birika likamponyoka mezani. Akafuta machozi, akamgeukia mumewe, na hapo hakucheka tena.

"Baba Abel, tulipomzika mama yako pale Kola, aliyeingia kaburini akakataa kutoka alikuwa kabila gani?"

Mzee akaliinua lile birika, akalisimamisha vizuri.

"Alikuwa Mluguru. Ulimlipa jogoo. Ulicheka ukakaa chini kwenye udongo na suti yako. Ilikuwa mara ya kwanza unacheka kwa siku nne, na usiku ule ndipo ulipokula."

"Yule alikuwa mtani," mzee akasema.

"Na huyu wa kwenye simu ni nani?"

Alitafuta jibu darini, kisha kwenye runinga iliyokuwa imezimwa. Nilimhurumia. Alikuwa kama mtu aliyepita mbele ya nyumba yake mwenyewe akauliza mwenyeji ni nani. Nikamwambia Rahel aunganishe simu na runinga ile, tukitazame kipindi cha tatu chote, tangu mwanzo, bila kukikimbiza. Sikuomba ruhusa.

Tulikitazama dakika hamsini. Judith alionekana mkubwa kama nabii. Zile sekunde arobaini zilipofika, mzee aliketi mkono mdomoni, na marehemu alipoitwa mvivu akatoa sauti ndogo puani. Kisha zikapita, picha ikaendelea mahali ambapo watu mia tisa hawakufika. Watu wanatoka makaburini, wanakula, wanaondoka mmoja mmoja, wale wa kulia sana ndio wa kwanza. Anabaki yule mtani peke yake. Anafagia uwanja. Anasugua masufuria ya msiba kwa mchanga, manne, na watu wa filamu hawakukata hata moja. Anachota maji anamwosha mjane miguu. Mwisho anavua lile koti, analikung'uta, analikunja vizuri, mikono ndani, analiweka mapajani mwa mjane, halafu anatoka bila kuaga.

Mke wa mzee alikuwa analia wazi. Abel pia. Mimi nilikuwa naangalia mikono ya Judith, mikono ileile ya kijiti cha chuma, nikajua kwamba hakuwa anaigiza masufuria.

Tulimngoja mzee. Alikohoa kikohozi chake.

"Lile jeneza lilikuwa tupu," akasema. "Wabebaji hawakutoa jasho. Na yule aliyesonga ugali kausonga kama anaogopa kuamsha mtu."

Basi nikajua amepona. Mtu akianza kulaumu jeneza, mwenye koti amesamehewa. Mkewe akamuuliza kama hilo ndilo tu aliloliona. Akashika goti lake, akasema polepole kwamba yule wa Kola naye alibaki. Alikuwa amesahau. Alimkuta alfajiri anaosha vikombe, na hakumuuliza jina.

Akamgeukia mwanawe. "Abel, hizo nyota zinafutika?"

"Zinabadilishwa, baba."

"Weka nne. Ya tano ni ya jeneza. Na umpigie mshenga, Jumapili ipo palepale."

Safari hii kidole cha Abel hakikungoja kuamriwa mara mbili. Shangazi zake, mzee alisema, atawaandikia mwenyewe kwenye kundi lao, na atakayejibu atakuwa amejitolea kuja kusugua masufuria ya harusi.

Niliinuka kuaga. Akanyoosha mkono kudai kofia yake. Nikamwambia Mluguru haachi kofia ya Mnyamwezi bure, alipe jogoo. Akasema jogoo wake ana thamani kuliko Kinole nzima na miteremko yake. Nikaishusha kofia vizuri masikioni, nikamshika Rahel mkono, nikatoka nayo. Majirani walitoka kutazama. Bila shaka walikuwa na maoni.

Alitufuata mpaka getini, kichwa wazi, jua likimwakia upaa. Alikuwa anajikaza asicheke, na hakuweza.

"Njoo tena Jumapili, mtani," akasema. "Kofia yangu uirudishe. Na uje na mama Esther, mkwe mwenzangu, mwambie nimemwomba, nataka kumwona akija kwa miguu yake kabla hajajilaza mlangoni kwangu."