Milango ya Gari la Mkwe

Watu wa Bungoma walimjua Namalwa kama fundi wa viti na milango ya magari, na waliomjua vizuri zaidi walijua kwamba ukimwambia jambo haliwezekani, umempa sababu ya kulifanya. Alifanyia kazi chini ya banda la mabati karibu na soko. Banda lilikuwa la shemeji yake Jotham, kaka mkubwa wa mumewe Wabwile. Wabwile alikuwa kazini Webuye wiki nzima, kwa hiyo Jotham alijiona mume wa zamu, mwenye haki ya kutoa amri. Cherehani tu ndiyo ilikuwa ya Namalwa mwenyewe, na hilo halikumfurahisha shemeji hata kidogo.

Asubuhi moja ya Aprili, mwaka 2008, Corolla nyeupe iliingia uani ikitokea Kitale. Kwa nje milango ilikuwa mizima. Kwa ndani ilitia uchungu: kitambaa kimechanwa kwa panga, sponji inaning'inia, na upande wa dereva hapakuwa na hata pa kushika ukitaka kuufunga mlango. Kiti cha nyuma kilikuwa kimebeba paneli mpya za milango, bado zimo ndani ya nailoni, zilizonunuliwa mjini Lwakhakha, mpakani.

Mwenye gari alikuwa Wanyoike, Mkikuyu wa Kitale, muuza mbegu na mbolea, mume wa Mary Ann, binti pekee wa Namalwa. Alishuka, akaenda kusimama mbali kabisa, kando ya kinu cha unga, akasalimia huku akiutazama ukuta.

"Habari ya asubuhi, Mama."

"Nzuri. Mary Ann na mtoto wako aje?"

"Wako salama," ukuta ukaambiwa.

Kisa cha ukuta kilianza siku ya harusi. Wabukusu, watu wa Namalwa, wana heshima yao kati ya mama mkwe na mkwe: hawashikani mikono, hawali pamoja, hawaketi karibu. Wanyoike hakuambiwa. Siku hiyo alimkimbilia mama mkwe akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, tena akautikisa kwa furaha, na hema zima likaguna. Alipoelezwa alitamani ardhi immeze. Tangu hapo akawa mwangalifu kupita Wabukusu wenyewe.

Namalwa alianza kazi. Alifungua skrubu, akang'oa vipini vya kupandishia vioo, akabandua paneli za zamani moja moja. Kila alipobandua moja alipitisha kidole kwenye mpasuko wa panga. Paneli mpya zilikuwa za kutoshea gari lolote, si za gari hilo hasa, na matundu yake hayakuafikiana na ya mlango. Aliyapanua kwa kisu, akazibana klipu kwa kiganja mpaka zikalia. Alifanya yote hayo akiwa amesimama nje ya gari, mbali na mkwe, na mafundi wa banda hawakuona kosa.

Ubaya ulikuwa kwenye mlango wa dereva. Paneli za namna ile huja bila pa kuegemeza mkono. Fundi ndiye hupafunga. Wengine hupima kwa futi wakamaliza. Namalwa hakuwa na imani na futi. Yeye humketisha mwenye gari nyuma ya usukani, akafunga mlango, akaketi kiti cha pili na chaki mkononi, akampigisha soga mpaka mtu akasahau kwamba anapimwa na mkono ukatulia wenyewe. Hapo ndipo hunyoosha chaki akaweka alama. Hivyo ndivyo alivyofanya kwa kila mteja, awe mwalimu, awe muuza ng'ombe, na hivyo ndivyo alivyokusudia kufanya leo.

"Wanyoike," aliita. "Kuja uketi hapa."

Wanyoike aligeuka kutoka ukutani. Nyundo zikanyamaza. Jotham, aliyekuwa akinywa chai mlangoni, aliweka kikombe chini.

"Mama Mary Ann, unafanya nini?"

"Nafunga mlango, shemeji."

"Si upime na futi. Ama fundi Kipsang amalizie. Huwezi kuketi na mkwe wako kwa gari moja, bega kwa bega, mbele ya watu. Hiyo ni aibu ya ukoo."

"Kipsang sijamwajiri."

Jotham alishusha sauti, ile sauti ya mtu mwenye busara, na Namalwa alimchukia zaidi kwa hiyo sauti. "Mimi sina ubaya na huyu kijana. Siangalii kabila. Nasema tu mila."

Hapo ndipo Namalwa alipopandwa na hasira. Alikuwa ameimeza tangu Januari, wakati wa ghasia za uchaguzi, Wakikuyu walipokuwa wakiwindwa barabarani, na sasa alichoka kuimeza.

"Mila," alisema. "Hiyo mila yako Januari ilikuwa wapi? Mtoto wangu alifika hapa na tumbo la miezi minane, amejikunja chini nyuma ya kiti, milango imekatwakatwa na wale vijana wa barabarani, panga zikipita dirishani kumtafuta bwana yake kwa usukani. Nilikuja kwako nikakupigia magoti. Nikasema, Jotham, kwangu hakuna ua wa kuficha gari, fungua geti, gari iingie ndani ilale. Ukaniambia nini? Waambie hawa mafundi."

Jotham alikiinua tena kikombe chake.

"Ulisema mwenye kuolewa mbali atafute pa kulala mbali. Tukiwa hivi, mimi nje, wewe ndani, tunaongea kupitia kwa geti. Mtoto wa ndugu yako alilala kwa benchi ya kanisa. Huyu kijana alikaa macho mlangoni mpaka kukacha, na mwenye walikuwa wanamtaka ni yeye. Sasa leo ati heshima."

"Wakati ulikuwa mbaya, bana. Kila mtu aliogopa."

"Mimi pia niliogopa. Lakini sikufunga geti."

Alizunguka hadi upande wa pili wa gari, akafungua mlango, akaketi. Alikuwa ameishika heshima hiyo maisha yake yote, na mama yake aliishika kabla yake. Hakuona kwamba anaivunja. Aliona kwamba mtu aliyemfungia binti yake nje hana mdomo wa kumfundisha.

"Mama, naweza tafuta fundi Kitale," Wanyoike alisema polepole. "Sitaki upate shida juu yangu."

"Ingia, mwanangu."

Aliingia, mgumu kama gunia la mahindi, akatazama mbele. Namalwa alimuuliza kama mtoto ameanza kutabasamu. Akajibu. Akamuuliza kama analia usiku. Akajibu kwa urefu kidogo, akacheka, mkono ukashuka mahali pake. Namalwa alinyoosha chaki mbele ya kifua cha mkwe wake, uwanja mzima ukiona, akaweka alama. Kisha alishuka, akatoboa, akakifunga kiegemeo cha mkono kwa skrubu, akaujaribu mlango. Ulifunga kwa mlio mmoja mzito, naye akarudi kuketi kiti kile kile.

Jotham alikuwa amesogea hadi dirishani. "Umeniaibisha. Ukishuka hapo, usikanyage tena hii banda yangu."

Namalwa alijua anachokipoteza: banda, wateja waliozoea njia, kivuli cha miaka mingi. Aliliangalia bati lililotoboka juu ya cherehani yake, akaona halitoshi kumfanya aombe radhi.

"Nani amesema nashuka?" aliuliza. "Cherehani nitaijia kesho mchana. Na tutakuja na yeye."

Akamgeukia Wanyoike. "Washa gari. Nipeleke nyumbani."

"Nipitie ile njia ya nyuma, Mama?"

"Pitia sokoni."

Corolla ikatoka uani. Wauza mboga waliinua vichwa. Mmoja alijiziba mdomo, mwingine akamwita mwenzake aje aone. Wanyoike alianza kukanyaga mafuta ili wapite haraka. Namalwa akashusha kioo chake mpaka chini.

"Pole pole, mwanangu," alisema. "Wacha watuone."